Piano Iliyovuka Rusizi

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa chini ya hema la dote, sherehe ya kuposa na kutoa mahari, siku Jovithe wa Nyakabiga amesimama kusema. Njia yake ilikuwa ndefu, ina kona, ina mahali pa kupumzikia na kunywa kitu baridi, na mwisho wake ilikuwa lazima mtu aolewe.

Siku za kazi Jovithe alikuwa karani wa kugonga mihuri katika wizara moja, na hapo hapana cha kusimulia. Jumamosi ndipo alipokuwa mtu. Familia zilimwita awe msemaji wao siku ya kuposa, kwa sababu Bujumbura huwezi kwenda kwa watu ukasema "tumekuja kuomba binti yenu" kama unaomba kiberiti. Ni utovu wa adabu. Familia mbili hukaa zikitazamana, kreti za bia ya Primus na za Fanta katikati, na wasemaji wawili husimama. Wa kwanza husema wamepotelewa na mtamba wao, nyayo zimewaleta hapa. Wa pili hujibu kwamba hapa hakuna mtamba, hakujawahi kuwa na mtamba, na kwani ninyi ni akina nani? Binti mwenyewe yuko chumbani anapakwa rangi ya kucha na anasikia kila neno. Uongo hujibiwa kwa uongo mkubwa zaidi, watu hucheka, na katika kucheka huko wanakuwa wakwe. Kila mtu anajua kwamba hakuna mtamba. Hata mtamba angekuwepo, angejua.

Mwaka 1999 Jovithe alimsemea kijana mmoja aliyeitwa Vainqueur. Baba yake, Bahizire, alikuwa Mkongomani wa Uvira, mfanyabiashara wa mawese aliyepanga nyumba Buterere, kule mashamba ya mpunga yanakopiga hodi mlangoni kila mvua inaponyesha. Binti aliitwa Chanelle, mtoto wa Népomuscène wa Nyakabiga, mtu wa hapa hapa tangu ukoo hadi ukoo. Ilikuwa miaka mibaya. Huku kulikuwa na vita, ng'ambo ya mto Rusizi kulikuwa na vita vingine, na ndugu zake Népomuscène walikuwa wamemuuliza waziwazi kama wanaume wa Burundi wamekwisha.

Kwa hiyo msemaji wa upande wa binti, mwalimu mstaafu Adolphe, aliposimama na kusema maneno ya desturi, kulikuwa na mfupa ndani yake.

"Siye hatuwajue," alisema. "Banyi batu ya ng'ambo, munakuja na maji, munaenda na maji. Kesho tutawatafuta wapi?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Bahizire alitazama viatu vyake. Jovithe alihisi hema zima limepoa, na mtamba wake wa kawaida hangeweza kulipasha moto hema lile.

"Eti hamutujue?" alisema. "Bon. Basi leo nitawaambia habari ya piano."

Yeye mwenyewe hakujua ni piano gani. Neno lilimtoka kama chafya, na ikabidi alifuate.

Zamani za Wajerumani, alisema, Kapteni fon Tromel aliagiza piano kutoka kwao mpaka boma la Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, maana alishindwa kulala bila muziki. Kwa kuwa alishika ramani juu chini, piano ilifikia upande wa Kongo. Ikabidi ivuke Rusizi juu ya vichwa vya watu. Mbele alikuwa babu yake Bahizire, nyuma alikuwa babu yake Népomuscène, hawajuani hata kwa salamu. Katikati ya mto akatokea kiboko. Kiboko yule hakuwataka watu, alikuja kwa ajili ya piano. Akafungua kifuniko kwa pua, akaipiga kwa kidevu, ikatoka sauti tamu kuliko ya kapteni. Kapteni akaanguka majini kwa wivu. Wakamwokoa, akaanguka tena.

"Babu wa mbele akauliza: ndugu wa nyuma, tuachilie? Wa nyuma akajibu: mi nikiachilia, we utazama. Wa mbele akasema: na mi nikiachilia, utazama we. Hakuna aliyeachilia. Mpaka leo, batu bangu, familia hizi mbili bado zimeishika ile piano. Na mushahidi ni huu hapa!" Akatoa mfukoni kete ya domino iliyobaki humo tangu mchezo wa jana, akaiinua juu. "Kitufe chake! Haya madoa ni meno ya kiboko!" Kisha akashusha sauti. "Sasa tumechoka kubeba. Tumekuja kuomba mahali pa kuitua."

Népomuscène alicheka hadi akashika mlingoti wa hema, na hema likaegemea upande. Mwalimu Adolphe alijaribu kujibu, akakosa, akanyoosha mikono juu. Chanelle alitoka chumbani kabla hajaitwa, kucha bado mbichi. Watu wa Nyakabiga wanasema hakujawahi kuwa na dote kama lile, na kwa mara moja hawakutia chumvi.

Ni mtu mmoja tu katika hema lile aliyekaa bila kucheka. Aliitwa Gottlieb Zurfluh, mwandishi wa vitabu kutoka Uswisi, upande wanaosema Kijerumani. Alikuwa amefikia kwa rafiki yake kule Kiriri juu, anatafuta habari za Wajerumani wa Usumbura apate kuandika riwaya, na hadi siku ile alichokipata kilikuwa kuharisha tu. Kando yake alikaa Ingrid, mpwa wa Jovithe, mwenye duka la dawa, aliyejifunza Kijerumani alipokwenda kusoma Ujerumani ya Mashariki wakati bado ina ukuta wake. Ingrid alimtafsiria neno kwa neno. Hakumwambia kwamba haya ni maneno ya dote, kwa sababu nani humwambia mtu kwamba maji yanalowesha? Zurfluh aliandika mpaka kalamu ikakauka, akaazima nyingine.

Miaka ikapita. Mnamo 2003, mchana mmoja, Ingrid alimwita mjomba wake nyuma ya duka lake na kumwekea mezani kitabu kinene kama tofali.

"Tonton, ile Muswisi iko alipata prix, tuzo ya vitabu, kule Ulaya. Prix kubwa."

"Prix ya nini?"

"Ya piano yako."

Jina la kitabu lilikuwa refu kiasi kwamba Ingrid alipolimaliza alihitaji kumeza mate. Kwenye jalada wakubwa wa magazeti walikuwa wamesema kwamba hakuna aliyepata kuifahamu historia ya Afrika kwa undani kama Zurfluh. Kwa siku kadhaa, wateja wakipungua, Ingrid alimsomea mjomba wake, na kila siku Jovithe alirudi nyumbani amevimba zaidi kwa hasira.

Kwanza, katika kitabu kile hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Watu walisimama wakitazama mbali. Hakuna aliyekula maharage, hakuna aliyemtania shemeji. Babu wawili walipofika katikati ya mto walianza kuwaza. Wa mbele aliwaza juu ya upweke, wa nyuma akawaza juu ya wakati.

"Ngoja," Jovithe alisema. "Mutu iko na piano kichwani, kiboko iko mbele, na anawaza?"

"Anawaza, tonton. Mpaka sura ya saba."

"Na kiboko?"

"Iko anangojea."

Kapteni hakuanguka majini hata mara moja. Alisimama ukingoni akamkumbuka mama yake, akalia. Kiboko hakupiga piano, alikuwa ishara. Jovithe aliuliza ni ishara ya nini, Ingrid akatafuta kurasa mbili mbele na mbili nyuma, akasema haijaandikwa. Yote haya Jovithe aliyavumilia, kwa sababu aliyeibiwa ng'ombe hachagui namna atakavyochinjwa. Lakini mwishoni, babu wa mbele na babu wa nyuma walitazamana, wakafumba macho, wakaiachilia piano, nayo ikazama.

Jovithe alisimama, kiti kikaanguka.

"Baliachilia?"

"Baliachilia, tonton."

"Lakini hadithi yote ni kwamba hawakuachilia!"

Na bado. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa Zurfluh alimshukuru "mzee kipofu mwenye ndevu nyeupe, mtunza kumbukumbu wa mwisho wa ukoo wake," aliyempa historia hii. Jovithe alikuwa na miaka hamsini na mitano, ndevu alinyoa kila asubuhi, nywele zilikuwa nyeusi tii kwa msaada mdogo wa duka la mpwa wake, na macho yake yaliona chupa ya Primus ikiwa ng'ambo ya barabara. Jina lake halikuwemo. Usiulize kama iliuma. Iliuma kama pilipili ya Uvira jichoni. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, mgema ambaye mwingine ndiye anasifiwa kwa tembo lake?

Haukupita mwezi, gari la ubalozi likasimama mbele ya nyumba ya Jovithe. Akashuka mama mmoja mrefu, Daktari Hannelore Pahlke, mhakiki wa vitabu kutoka Ujerumani. Wenyeji wake wa Kiriri walikuwa wamekataa kumwacha ashuke mlimani bila fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma, na jua la mchana lilikuwa limeshampika humo nusu. Ingrid, aliyemwonyesha njia, alifuata nyuma kama mkalimani.

Mama yule alimwona Jovithe mlangoni, akamshika mkono taratibu, akamvusha mtaro wa mbele ya nyumba yake mwenyewe, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Alisema kwa sauti kubwa na polepole. Jovithe alijiachia, maana mgeni haaibishwi. Ingrid alipoeleza kwamba mjomba wake anaona vizuri sana, daktari alimtazama Jovithe kwa mashaka, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kinyume cha kitabu.

Kisha akasema lililomleta. Alikuwa amepekua kumbukumbu zote za meli na misafara ya zama zile. Hakuna piano iliyofika Usumbura. Hakuna Kapteni fon Tromel. Watu wa Ulaya walikuwa wakimsujudia Zurfluh kwa kuandika historia ya wengine, naye historia yenyewe ameiokota wapi? Ama Zurfluh alidanganya, ama alidanganywa.

"Anauliza," Ingrid alisema bila kumtazama mjomba wake, "kama iko mutu aliitunga."

Jovithe alisogeza kiti karibu.

"Na akiwepo?"

Daktari Pahlke aliegemea mbele, fulana ikalia kwacha. Akiwepo, alisema, basi huyo ndiye mwandishi, na Zurfluh ni mwizi wa mchana. Ataliandika jina la mtu huyo katika gazeti lake, ukurasa mzima, na picha. Ila alikuwa na sharti moja, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na haki yake haikuwa na breki: mtu huyo ayaseme mbele ya familia zenyewe, huku kinasa sauti kinazunguka. Wamebandikwa historia isiyo yao, wana haki ya kujua.

"Mwambie Jumapili, baada ya misa," Jovithe alisema. "Na mwambie jina yangu inaandikwa na h."

Ingrid alitafsiri. Lakini gari lilipoondoka alibaki uani, mikono kiunoni.

"Tonton, usimwage mutama penye kuku mingi. Bache na piano yao."

"Piano yangu," alijibu Jovithe.

Jumapili ile alivaa koti la wasemaji, tai nyekundu, viatu vya kung'aa. Njiani aliyapanga maneno yake. Angeanza polepole, angeinua sauti kidogo kidogo, na mwishoni angesema: "Njo mi." Basi. Maneno mawili: ndiye mimi. Aliona ukurasa mzima wa gazeti na uso wake juu yake. Aliwaona wakubwa wa Ulaya wakiulizana huyu Jovithe ni nani, tulikuwa wapi sisi. Hakuwafikiria kabisa watu aliokuwa akienda kuwaambia, na haya tuyaseme wazi, kwa sababu sifa ikipanda kichwani hushusha vyote vilivyomo.

Nyumbani kwa Népomuscène, yeye, daktari na Ingrid waliwakuta wote sebuleni. Népomuscène mwenyewe, mwembamba na mpole, kwenye kiti chake. Pembeni yake Bahizire, mnene, akipepea uso kwa karatasi ya nyimbo za kanisani, pamoja na mkewe Marguerite. Walikuwa wakiishi hapo sasa, chumba cha uani, tangu risasi na mafuriko vilipowatoa Buterere kwa zamu. Chanelle alileta vinywaji. Binti yake mdogo alizunguka baina ya miguu ya watu. Walikuwa wamembatiza Cécile, kwa sababu padri aliposikia habari ya piano alisema huyo ndiye mtakatifu wa wanamuziki.

Jambo la kwanza Marguerite alilolifanya ni kumvua mgeni silaha zake. "Mama, utakufa na joto mbele ya kufa na risasi," alisema, akaivua ile fulana kama anavyomvua mtoto sweta, akaenda kuianika kwenye kamba kati ya vitenge. Kofia ya chuma alipewa Cécile.

Daktari Pahlke akiwa amepumua, akaweka kinasa sauti mezani na kuuliza: je, wao wenyewe wanajua nini juu ya piano?

Bahizire hakungoja Ingrid amalize.

"Babu yangu," alisema, "tangu ile siku shingo yake ilipinda. Hivi. Mpaka alikufa na shingo ya kupinda. Hata mi, ukiangalia muzuri, nilirithi kidogo." Akamgeuzia daktari shingo yake, shingo fupi nene iliyonyooka kama kinu. Daktari aliiangalia kwa makini.

"Na wangu," alisema Népomuscène kwa upole wake, "kila akivuka maji, hata mutaro, alisikia muziki."

"Na walikula nini pale kati ya mto?" Marguerite alidakia. "Maharage. Babu wa nyuma alikuwa nayo ndani ya kofia. Walikula na mukono moja moja."

Jovithe alisikiliza mdomo wazi. Haya hakuyatunga yeye! Shingo hakuiweka, muziki wa mtaroni hakuuweka. Na yalikuwa mazuri, hilo ndilo lililomkera. Ile shingo, kwa nini hakuifikiria mwenyewe? Piano yake ilikuwa imekaa katika nyumba hii miaka minne, imekula, imezaa.

Daktari alikuwa akitikisa kichwa huku akiandika. Aliuliza tena, kwa sauti kali kidogo, kama hawaoni kwamba hii ni ngano tu, na ina faida gani kwao.

Ingrid alitafsiri hilo. Marguerite ndiye aliyejibu, naye safari hii hakuwa akitania.

"Mwambie mwaka jana asubuhi walikuja vijana hapa ku portail, mulango ya nje, na marungu. Mingi. Walikuwa wanatafuta Wakongomani. Walisema, toa ile Mukongomani yako. Siye tulikuwa chini ya kitanda, mi na Papa Vainqueur, tunaomba Mungu. Papa Chanelle akatoka na pyjama. Mi nilisema, wanamuua. Tukasikia anasema, hamuwezi kumubeba huyu mutu, juu babu yake na babu yangu walibeba piano. Akawaambia yote. Na kapteni, na kiboko. Pole pole, kama iko ku dote. Ya kwanza tulisikia kimya. Halafu tukasikia mutu moja anacheka. Halafu wote. Walicheka mpaka marungu ilianguka chini. Walikunywa maji, wakaenda." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Njo faida yake."

Jovithe hakuwa akijua habari hii. Hakuna aliyemwambia. Alikaa na tai yake nyekundu, akamtazama Bahizire aliyekuwa ameshika karatasi ya nyimbo bila kupepea tena, mtu mnene mzima, hai, anayevuja jasho. Jovithe akaogopa. Aliogopa kwelikweli, kama mtu aliyeegemea ukuta kisha akagundua kwamba ni mlango. Vijana wale wangerudi siku yoyote. Na kesho yake watu wakijua kwamba piano ilikuwa maneno ya karani mmoja anayetaka picha gazetini, Népomuscène atatoka na nini mlangoni?

"Sasa bwana Jovithe," Ingrid alitafsiri. "Daktari anasema ulikuwa na neno."

Msemaji hasemi ameketi. Jovithe alisimama, akavuta koti, akatazama kinasa sauti kikizunguka. Ukurasa mzima na picha ulimpita mbele ya macho kwa mara ya mwisho, na hatudanganyi, alihuzunika. Alihuzunika kama mtu anayemzika ndugu huku ameshikilia koleo mwenyewe.

"Niko na neno," alisema. "Habari ya piano mi niliisikia kwa nyanya yangu."

Ingrid alimtazama upesi.

"Nyanya yangu alikuwa anafua nguo pale Rusizi. Aliwaona na macho yake. Piano ilipotoka majini, yeye njo aliipangusa na kitenge chake. Na kile kitenge, mama Daktari, mpaka nyanya anakufa, ukikikung'uta kinatoa sauti."

"Ya namna gani?" aliuliza daktari.

Jovithe akaimba. Alichoimba kilikuwa wimbo wa misa ya asubuhi ile uliobadilishwa kidogo katikati, na Bahizire, bila kuulizwa, aliingia kwa besi. Cécile alipiga kofia ya chuma kwa kijiko. Daktari Pahlke aliacha kuandika. Alisubiri wanyamaze, kisha akauliza swali lake la mwisho, na kwa uso wake ilionekana alikuwa amelibeba kutoka mbali: kwa hiyo hakuna mtu aliyeitunga?

"Mama," Jovithe alisema, "kiboko kama yule, mutu atamutunga na kichwa gani?"

Wakubwa wa gazeti la daktari walingoja ufichuzi, wakapata makala juu ya kumbukumbu za watu zinazoishi pale ambapo kumbukumbu za meli zimelala. Aliandika kwamba piano imethibitishwa na mashahidi wanne na shingo moja. Zurfluh alipewa prix ya pili. Katika chapa mpya ya kitabu, mzee kipofu aliongezewa fimbo. Lakini hayo yalikuja baadaye na hayakumhusu tena Jovithe.

Jumapili ile, gari la ubalozi lilipokwisha kupanda Kiriri na fulana yake iliyokauka vizuri, Népomuscène alimsindikiza Jovithe, kama mgeni anavyosindikizwa, mpaka kona ya kwanza, kisha mpaka ya pili. Saa ya couvre-feu, ya kutoonekana mtu barabarani, ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wakikaza mwendo kwenda makwao. Jovithe aliburuta miguu. Alikuwa amechoka, na bado aliuwaza ukurasa wake wa gazeti.

"Papa Jovithe," Népomuscène alisema, "babu yangu alikuwa mutu wa kule Ngozi, kaskazini. Alichunga mbuzi. Hakuona Rusizi hata siku moja. Maji ya kuoga tu alikuwa anaogopa."

Jovithe alisimama.

"Na babu ya Papa Vainqueur alikuwa tajiri," Népomuscène aliendelea. "Ile hakubeba kitu. Ile walikuwa wanamubeba."

"Munajua?"

"Yemwe, Papa Jovithe. Mutu hawezi kujua babu yake? Tunajua tangu ile siku ya dote. Hata Marguerite anajua. Leo tulikuwa na woga tu kama we utasema."

Jovithe alitafuta neno, akapata nusu yake. "Basi... juu ya nini..."

Népomuscène alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa maneno, na ilionekana anayachagua moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Ile asubuhi nilifungua portail," alisema, "na kichwa yangu ilikuwa bure. Bure kabisa. Hata sala sikupata. Mi siko mutu wa kusema, unanijua. Nikatafuta ndani, nikakuta sauti yako tu. Nikasema nayo."

Akampa mkono, akamshika na kiwiko kwa mkono wa pili kama inavyotakiwa, akageuka kurudi kwake kabla ya saa.

Jovithe alibaki pale kona, katikati ya watu wanaokimbilia nyumbani, analia bila kujificha, tai nyekundu mkononi akipangusia uso. Mama mmoja aliyebeba beseni la samaki wadogo wa ndagala alipunguza mwendo.

"Pole, papa," alimwambia. "Umefiwa?"

"Apana, mama," alisema Jovithe. "Walinisikiliza."